Lundo, Jamvi na Kichanja: Hesabu ya Tufe katika Kahawa ya Karagwe na Kyerwa

Sehemu kubwa ya kahawa ya Karagwe na Kyerwa ni robusta, na sehemu kubwa ya robusta hiyo hukaushwa nzima, tunda likiwa bado ndani ya ganda lake. Mkulima huchuma, huanika, hugeuza, kisha husubiri. Tunda likishakuwa jeusi na kulia kama kokoto likitikiswa, huitwa maganda, nayo maganda hupelekwa chama cha msingi. Kukoboa, kupanga madaraja na kuuza ni kazi za mbele ya safari. Lakini mashine ya kukobolea haiwezi kuondoa harufu ya uvundo iliyoingia kwenye punje, na mnunuzi aliyeonja kikombe kibaya haulizi mti ulipandwa wapi. Ubora wa maganda huamuliwa uwanjani, katika wiki mbili hadi nne za kuanika.

Tuwaweke wakulima wawili, mmoja Nyaishozi upande wa Karagwe, mwingine Nkwenda upande wa Kyerwa. Kila mmoja amechuma madebe matano ya matunda mekundu siku moja. Wa kwanza ameyaacha lundo pembeni ya nyumba akingoja nafasi, wa pili ameyatandaza siku hiyohiyo. Mti ni wa aina moja na jua ni lilelile, lakini baada ya siku nne lundo la kwanza linanuka pombe na ndani yake kuna joto, wakati matunda ya mwenzake yameanza kusinyaa. Watu husema huyu mvivu, yule hodari. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba kilichotenda kazi pale ni kanuni ya tufe, na kwamba anayeijua kanuni hiyo anaweza kupanga uwanja wake kwa futikamba kabla hajachuma tunda la kwanza.

Kanuni yenyewe

Eneo la uso wa tufe ni 4πr², yaani nne mara pai mara nusukipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Ujazo wake ni 4πr³ kugawanya kwa 3. Archimedes wa Sirakusa aliyathibitisha yote mawili katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na wanafunzi wa sekondari huyakariri hadi leo. Ila kukariri hakutoshi, kwa sababu siri imo katika vile vipeo vidogo vya juu, 2 na 3. Nusukipenyo kikiongezeka mara mbili, uso huongezeka mara nne, lakini ujazo huongezeka mara nane. Kikiongezeka mara tatu, uso huwa mara tisa na ujazo mara ishirini na saba. Kila tufe linapokua, tumbo hukua haraka kuliko ngozi.

Gawanya uso kwa ujazo, utabaki na 3 juu ya r. Hii ndiyo namba anayoihitaji mtu anayekausha chochote. Inaeleza kila kipande cha ujazo kina ngozi kiasi gani ya kupumulia. Kadiri nusukipenyo kinavyokuwa kidogo, ndivyo namba hii inavyokuwa kubwa.

Tunda la robusta si tufe kamili, kwani limebonyea kidogo. Hata hivyo, uwiano haubadiliki: umbo lolote likikuzwa bila kubadilishwa sura, uso wake hufuata mraba wa urefu na ujazo hufuata mchemraba. Kwa hiyo tufe linatosha kutupa hesabu ya kuaminika.

Tunda moja, kisha madebe matano

Tuchukue tunda lenye nusukipenyo cha milimita 6. Uso wake ni kama sentimita 4.5 za mraba, na ujazo wake ni kama sentimita 0.9 za ujazo. Ni kitu kidogo chenye ngozi nyingi.

Sasa tuyarudie yale madebe matano. Debe ni lita 20, hivyo tuna lita 100. Matunda ya mviringo yakimiminwa chomboni hayakai bila nafasi. Tukikadiria kwamba matunda yenyewe yanachukua asilimia 60 na hewa inachukua iliyobaki, tuna lita 60 za matunda, zenye uzito wa kilo 60 na kidogo. Idadi yake inafika matunda 66,000 hivi. Ukijumlisha ngozi zote unapata mita 30 za mraba, ukubwa wa vyumba viwili vya kulala.

Tujiulize basi: kama lita hizo 60 zingekuwa tunda moja kubwa, ngozi yake ingekuwa kiasi gani? Nusukipenyo kingekuwa sentimita 24 na uso ungekuwa mita 0.74 za mraba tu. Kutoka mita 30 hadi robo tatu ya mita moja: tumepoteza ngozi mara arobaini, na hatujapunguza hata tunda moja. Mara arobaini hiyo haikuja kwa bahati. Ni uwiano wa sentimita 24 kwa milimita 6, yaani nusukipenyo kwa nusukipenyo.

Mti wa kahawa umempa mkulima mita 30 za mraba za kukaushia, bure. Swali ni kiasi gani cha mita hizo anachokiacha wazi.

Lundo ni tunda kubwa

Hapa ndipo kosa la lundo linapoonekana waziwazi. Matunda yakirundikwa, yale ya katikati hayana hewa ya kutosha inayopita. Unyevu unaotoka kwenye tunda moja unalilowesha la jirani. Hewa ya nje inashughulika na ngozi ya lundo, si na ngozi ya tunda mojamoja.

Tuseme lundo la madebe matano lina umbo la nusu tufe lililokaa chini. Nusukipenyo chake ni sentimita 36, na uso unaotazama hewa ni mita 0.83 za mraba. Kati ya mita 30 alizopewa, mkulima anatumia chini ya moja.

Kuna ubaya wa pili. Tunda lililochumwa bado lina uhai. Linapumua, na vijidudu vilivyo kwenye ganda lenye sukari huanza kuichachusha. Kazi zote mbili hutoa joto. Joto hilo huzalishwa na kila tunda, hivyo linafuata ujazo. Lakini hutokea kwenye uso tu, hivyo njia yake ya kutoka inafuata mraba. Lundo la madebe 40 lina nusukipenyo mara mbili ya lundo la madebe 5. Linazalisha joto mara nane na lina mlango mara nne. Kila debe sasa lina nusu tu ya mlango liliokuwa nao kwanza. Ndiyo maana ndoo ya kahawa iliyosahauliwa usiku mmoja huenda ikapona, lakini lundo kubwa la siku mbili au tatu hufuka mvuke ukilifukua. Joto na unyevu vikikutana, kuvu hustawi. Baadhi ya kuvu huacha sumukuvu iitwayo okratoksini A, ambayo haiishi yote kwa kukaanga. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 3 za sumu hiyo katika kilo moja ya kahawa iliyokaangwa. Kiasi hicho ni kidogo mno kuonekana kwa jicho, lakini kinatosha kulirudisha kontena.

Jua hulipa robo tu

Archimedes ana jambo la pili la kutufundisha. Uso wa tufe ni sawasawa na duara nne zenye nusukipenyo kilekile. Ukitaka kuhakikisha, chukua chungwa, lizungushie kalamu kwenye karatasi ili upate duara lenye upana wake, chora duara nne za ukubwa huo, kisha menya chungwa na kupanga vipande vya ganda ndani ya duara hizo. Zitajaa zote nne.

Maana yake uwanjani ni hii: jua likiwa utosini, tufe hukinga miale yenye upana wa duara moja, yaani eneo lililo sawa na robo ya uso wake. Nusu ya juu huangazwa, ila sehemu yake kubwa kwa miale ya mshazari; nusu ya chini inaweza kupitiwa na hewa, lakini haiguswi na jua moja kwa moja. Lundo la nusu tufe nalo hukinga duara moja. Kwa lundo letu la madebe matano, duara hilo lina mita 0.41 za mraba.

Tuone kama hiyo inatosha. Tunda bivu huwa na maji yanayofikia asilimia 65 ya uzito wake, na maganda yaliyokauka vizuri yanatakiwa kubaki na kama asilimia 12. Kwa kilo 60 za matunda, vitu vikavu ni kilo 21, na maganda yatakayobaki yatakuwa na kilo 24 hivi. Kwa hiyo lita 36 za maji lazima ziondoke, ambazo ni madebe karibu mawili. Kugeuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji nishati ya kilowati-saa kama 24.

Jua la adhuhuri lisilo na wingu hutoa karibu kilowati 1 kwa kila mita ya mraba. Lundo lenye mita 0.41 lingehitaji saa 58 za jua kali kama hilo, na hiyo ni kama kila mwale ungefanya kazi bila kupotea. Miale mingi hupotea, mawingu hupita, na jua la asubuhi na la jioni ni dhaifu, hivyo muda halisi ni mrefu mara nyingi zaidi. Lakini uwiano ndio tunaoutafuta. Tandaza madebe yaleyale kwa unene wa sentimita 4 na utapata mita 2.5 za mraba. Saa 58 zinashuka hadi kama 10. Kwa kutumia reki tu, mkulima amelikuza jua mara sita.

Kutoka jamvi hadi kichanja

Hesabu ya kutandaza ni rahisi kiasi cha kukaa kichwani: debe moja kwa unene wa sentimita 4 linahitaji nusu mita ya mraba. Madebe mawili, mita moja. Madebe kumi, mita tano. Ukitandaza kwa sentimita 8 umeokoa nafasi, lakini umepunguza uso wa kila debe kwa nusu, na matunda ya chini yatarudia maisha ya lundo.

Jamvi na turubai vina faida moja kubwa, kwamba vinazuia kahawa isiguse udongo. Udongo hurudisha unyevu kila alfajiri na huleta harufu ambayo waonjaji huitambua mara moja. Lakini jamvi lililolala chini lina upande mmoja tu wa kupumulia. Mvuke unaoshuka hauna pa kwenda.

Kichanja cha wavu kilichoinuliwa hadi kiunoni kinabadilisha hesabu hiyo. Tabaka lilelile la mita 2.5 sasa lina hewa juu na hewa chini, yaani mita 5. Jua halijaongezeka, ila njia za mvuke kutoka zimekuwa mara mbili, na upepo unaopita chini ya wavu hufanya kazi hata wingu likitanda. Katika nyanda za Karagwe na Kyerwa, ambako mashamba mengi yako juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, jioni huwa baridi na umande si haba. Hapo upepo ni msaidizi wa kudumu kuliko jua.

Kugeuza ni njia ya kuzipata zile mita 30 kwa zamu. Tabaka la sentimita 4 lina safu kama tatu au nne za matunda, na kila safari ya reki inaleta juu ngozi ambayo haijaliona jua. Anayegeuza mara moja kwa siku anakausha upande mmoja. Anayegeuza kila saa au mbili anayatumia yote aliyopewa na mti.

Kwa nini tunda kubwa huchelewa

Ukaukaji una hatua mbili, na kanuni ya tufe inafanya kazi tofauti katika kila moja.

Siku za mwanzo ngozi ni mbichi na maji yako karibu. Kasi inategemea uso. Kwa kuwa maji yanafuata ujazo na njia ya kutokea inafuata uso, muda unaohitajika unafuata nusukipenyo. Tunda la milimita 7 litahitaji muda mara 1.4 wa tunda la milimita 5.

Baadaye ganda husinyaa na kuwa gumu. Sasa maji yamebaki ndani, kwenye punje, na lazima yapenye taratibu hadi nje kabla ya kuruka. Umbali ndio unaotawala, na muda wa kupenya unafuata mraba wa umbali. Tunda lilelile la milimita 7 sasa linahitaji muda karibu mara mbili wa lile la milimita 5. Hapo ndipo mkulima hudanganywa na macho: ganda limekauka na kulia, lakini punje bado ina maji.

Kwa hiyo kuchanganya ukubwa katika kichanja kimoja ni kujitafutia hasara pande zote. Ukianua mapema, makubwa yataota kuvu ghalani. Ukichelewa, madogo yatakauka kupita kiasi na kuvunjika yakifika kwenye mashine ya kukobolea, na uzito wake utakuwa umepungua bure. Soko hupanga robusta kwa chekeche baada ya kukoboa; chekeche namba 18 lina matundu ya kama milimita 7.1, na namba 15 kama milimita 6. Kazi hiyo ingeanza uwanjani ingesaidia zaidi. Chekeche la wavu wa kawaida linatosha kutenganisha matunda makubwa na madogo kabla ya kuyaanika.

Uchumaji nao unahusika. Tunda bichi halina maji sawa na tunda bivu, na ganda lake halikauki kwa mwendo mmoja na la jirani yake mwekundu. Anayekamua tawi zima kwa mkono mmoja analeta kichanjani matunda yanayohitaji ratiba tatu tofauti. Butura, yaani kuiuza kahawa ingali mtini, ambayo Serikali imekuwa ikiipiga vita, huongeza tatizo hilo, kwa sababu aliyekwisha kulipwa hana sababu ya kungoja wekundu.

Wanaomenya tunda kwa mashine kabla ya kuanika hupata faida ya kanuni hiyohiyo. Ukilikata tufe katikati, unaongeza nyuso mbili bapa zenye πr² kila moja, hivyo 4πr² inakuwa 6πr²: nusu zaidi ya uso wa mwanzo, kwa ujazo uleule. Tunda la kahawa limekwisha kukatwa na maumbile, maana ndani kuna punje mbili zilizotazamana kwa upande bapa. Kumenya kunazitenganisha na kuondoa nyama iliyozizunguka. Ndiyo sababu kahawa iliyomenywa na kuoshwa hukauka kwa siku chache kuliko maganda. Gharama yake ni maji safi na mashine, na si kila kijiji kinavyo.

Pale kanuni inapogeuka upande wa mkulima

Ingekuwa rahisi kusema lundo ni adui siku zote, lakini si kweli. Uso unaotoa maji ndio uleule unaoyapokea. Maganda yaliyokaribia kukauka, yakiachwa yametandazwa usiku wenye umande, hunywa unyevu kwa ngozi zake zote. Katika siku za mwisho, kuyakusanya jioni na kuyafunika turubai ni busara, kwa sababu lundo lina uso mdogo wa kupokea umande. Asubuhi jua likishapanda, hutandazwa tena.

Kosa ni kufanya hivyo siku tatu au nne za mwanzo. Wakati huo tunda bado lina maji mengi, na lundo la usiku mmoja ni chungu cha kuchachusha. Siku hizo tabaka libaki jembamba, lifunikwe kwa namna inayoacha hewa ipite, lisikusanywe.

Ghalani kanuni inageuka kabisa. Gunia kubwa lililojaa lina uso mdogo kwa kila kilo, nalo hulinda ukavu vizuri zaidi kuliko vifurushi vidogo, mradi liwe juu ya mbao na mbali na ukuta. Lakini gunia hilohilo likiwekwa kahawa yenye unyevu, litautunza unyevu kwa uaminifu uleule.

Hukumu

Hesabu hizi zinaishia kwenye kipimo kimoja kinachoweza kutumika kesho. Mkulima anayechuma madebe 10 kwa wiki wakati wa kilele cha msimu, na ambaye kahawa yake inachukua wiki tatu kukauka, atakuwa na madebe 30 uwanjani kwa wakati mmoja. Kwa nusu mita ya mraba kwa debe, anahitaji mita 15. Kichanja chenye upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, kitahitaji urefu wa mita 12.5, na kigawanywe sehemu tatu ili mchumo wa wiki moja usichanganywe na wa wiki nyingine. Kama hana nafasi hiyo, asichume kwa mkupuo mmoja zaidi ya kile uwanja wake unachoweza kubeba. Tunda bivu likikaa siku mbili zaidi mtini halipati hasara kama tunda lililokaa siku mbili katika lundo.

Kahawa ya wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, bado hupita katika vyama vya msingi vingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990. Vyama hivyo huandika idadi ya kilo za kila mwanachama. Viandike pia mita za mraba za vichanja vyake. Afisa ugani anayefika kijijini na futikamba, akapima uwanja na kumwambia mkulima unabeba madebe mangapi, atakuwa amezuia uvundo kabla haujaanza. Kipima unyevu ghalani hutoa habari ya hasara iliyokwisha kutokea. Futikamba uwanjani huizuia isitokee. Nunueni futikamba kwanza.